Kaburi Lako Limemeguka, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza na wewe bila hiyo.

Kaburi lako limemeguka. Naandika moja kwa moja, maana nikizunguka sitafika.

Ulipotimiza mwaka tangu tukuzike tuliamua kulijengea, kama wanavyofanya kwetu kusini. Saruji ndiyo hiyo, bila kibali hupati, na kibali tumekifuata mpaka tumechoka. Nikasema mie: Baba mwenyewe alikuwa anachanganya saruji kidogo na yale makapi meupe yanayotupwa kwenye machimbo ya udongo kule Pugu, na ukuta wa jiko letu hapa Chang'ombe umesimama masika manne. Basi ajengewe kwa mchanganyiko wake. Baba mdogo akanipiga bega, "Huyu ndiye fundi aliyebaki."

Fundi gani! Miaka yote nilikuona ukiyachoma makapi kwenye pipa, kutwa nzima, Mama anagomba kwa moshi. Nikadhani unayakausha tu. Siku ya kujenga jua lilikuwa kali, nikayaanika kwenye turubai, nikachekecha, nikachanganya. Sikuchoma, Baba. Sikuchoma.

Halafu mvua ikanyesha, na baada yake wakaja mabwana wawili wa kiwanda cha saruji, wale uliowaandikia barua ukangoja jibu mpaka ukaugua. Walitaka kuiona kazi yako. Ukuta wa jiko waliugonga, wakasema huenda ni saruji tupu. Baba mdogo, kwa sifa zake, akawapeleka makaburini. Upande wa miguuni ulikuwa umekuwa uji. Mmoja akagusa, akapangusa kidole kwenye suruali, akasema kwa upole, "Mzee alikuwa na nia njema."

Jioni Mama ndiye aliyeniuliza, "Kwani uliyachoma muda gani?" Hapo ndipo nikajua kosa langu. Wageni walishaondoka. Nimewaandikia mara mbili, kimya.

Nimejaribu kuchoma, Baba. Sijui moto wako ulikuwa mkali kiasi gani. Wewe ulikuwa unaonja kwa ulimi, unasema "bado" au "tayari." Mie naonja, sitambui kitu. Kwa nini hukuniambia? Au uliniambia na mie nilikuwa nasonga ugali? Hasira yenyewe sijui niielekeze wapi.

Sasa Baba mdogo kapata mfuko mmoja wa saruji. Jumamosi wanabomoa, wanajenga upya. Nimeomba wasubiri nijaribu tena, hakuna anayenisikia. Mama anasema anaona aibu mbele za watu.

Kwaheri, Baba. Ninachoweza kukuahidi ni hiki tu: kabla hawajagusa kitu, nitasimama hapo mbele yao wote niseme mchanganyiko wako ulikuwa sahihi, aliyeukosea ni mie. Wataona namtetea baba yangu. Nitasema hivyo hivyo.

Binti yako,
Anastazia