Mwaka 476 na Mwezi wa Idi

Jumamosi, mkesha wa Idi

Na hata hakuniuliza. Miaka yote watu wa nyumba hii husubiri nisimame dirishani, nitazame juu ya maghorofa ya Croydon, hapa London, niseme kama mwezi umeandama. Leo binti yangu Zuhura kaingia na simu mkononi.

"Baba, kesho Idi. Mwezi umeonekana."

"Umeonekana na nani?"

"Na watu, Baba. Kunywa dawa."

Nilipokuwa nikisomesha historia, mwaka 476 ndio uliowachekesha wanafunzi. Jemadari alimwondoa kaizari wa mwisho wa Rumi ya magharibi, aliyekuwa bado kijana, wala hakumuua. Alimpa pensheni na nyumba nzuri kando ya bahari. Watu wakaenda sokoni kama kawaida. Wengi hawakujua kwamba dola imeanguka.

Huko chini wanakaanga sambusa kama kawaida.

Nikiri, maana moyo wangu hauna siku nyingi: nimefarijika. Baridi ya dirishani ilikuwa ikinimaliza, na macho haya... Kufa sikuogopi sana. Naogopa kukaa chumbani humu bila mtu wa kuniuliza neno.

Sasa hivi mjukuu wangu Salma kapanda na sambusa moja kwenye kisahani. Kwa Kiingereza chake kasema mama yake anauliza kama chumvi imetosha.

Ilitosha kabisa. Nikatafuna polepole, nikamwambia sambusa moja haitoshi kutolea hukumu.

Amekwenda kuniletea nyingine.