Mama, Njaa Nitaitaja

Mama,

Leo sikuamkii. Nikianza kwa adabu sitamaliza ninachotaka kusema. Arobaini yako imepita na bado nimekasirika.

Mama yako yu hai. Amekaa karibu na jiko, haoni, na kila mara ananiuliza kama uji umeiva. Juzi lori lilileta mahindi ya msaada kutoka Tabora, likashusha magunia ofisi ya kijiji, watu wakaitwa kwa majina. Letu halikuitwa. Katibu akanionyesha orodha: nyumba yetu imeandikwa "inajiweza". Mwandiko ni wangu.

Siku ile unaikumbuka. Chuo kilinituma na mtafiti wa uchumi tuulize nyumba kwa nyumba nani ana nini na nani anakula mara ngapi, ili serikali ijue wa kusaidiwa kwanza mvua zikikatika. Nilikutumia salamu mapema kwamba tutafika kwako. Kosa langu. Nikakuta viti vinne vya mwalimu mkuu, shuka la Mama Kulwa, redio ya fundi cherehani, tena haina betri! Yule tetea wetu mmoja yumo chunguni. Nilijua kila kitu kimetoka kwa nani, maana utotoni mimi ndiye niliyetumwa kuazima sinia wageni wakija. Ndivyo tunavyopokea wageni, sawa. Lakini huyu hakuja harusini, Mama. Alikuja na karatasi.

Nikakusomea swali: mwezi huu kuna siku mlilala bila kula? Ukacheka. "Nyamizi, humu ndani nani amewahi kulala njaa?" Na ukanitazama machoni. Mimi! Mimi uliyekuwa ukinikaza kanga tumboni, ndani humo humo, ili nipate usingizi. Mtafiti akafurahi, akasema Ujamaa unafanya kazi, tofauti ya aliyenacho na asiyenacho inapungua. Nikaandika ulivyosema. Ningefanyaje, nikuite mwongo mbele ya mgeni? Mama Kulwa naye aliazima viti hivyo hivyo, lakini swali la njaa alilijibu kweli. Leo ana gunia.

Ulipotusindikiza ukaninong'oneza, "Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, hakumwomba mtu hata maji. Usije ukaniandika ombaomba." Babu, babu! Maisha yangu yote nimelishwa huyo babu. Babu alipewa posho njiani, Mama. Alikula.

Njaa ilipobana ukampa bibi sehemu yako, ukamwambia umekula kwa jirani. Jirani anasema ulimwambia umekula nyumbani. Homa ilipokuja ilikukuta huna nguvu ya kuinua hata kata ya maji. Wakati huo mimi niko Tabora, nimekaa mezani, najumlisha majibu ya watu. Lako nililipita kwa kalamu kama mengine. Siwezi kukusamehe, na mimi siwezi kujisamehe, basi tumekaa hivyo.

Kesho kamati inakutana. Katibu amesema nyumba yetu itaingia kwenye orodha ikiwa aliyeandika atasimama mkutanoni akiri kwamba aliandika uongo. Mtafiti akisikia, kazi yangu imekwisha. Na iishe. Kinachonitetemesha ni wewe. Wataniuliza uongo gani, nami nitawaambia kwamba mama yangu alikuwa maskini, kwamba katika nyumba hii tulilala njaa mara nyingi, na kwamba alikufa hajala. Viti walivijua, ndio waliokuazima. Njaa hawakuijua, uliifunika miaka yote hiyo. Nitaifunua mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya Mama Kulwa, na kwa sauti, hata wale wa nyuma wasikie.

Najua ungenizuia mlangoni. Ungenipiga hata kofi.

Kwaheri, Mama. Kofi langu niwekee, nitalikuta huko huko. Bibi atakuwa amekula.