Picha Yako ya Harusi Niliyoing'arisha

Studio ya Picha,
Nyuma ya duka la viatu,
S.L.P. 217.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Na mpwa wangu je, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo uko palepale. Jana kamfukuza fundi bomba kwa kuingia na viatu.

Kaniambia mnakuja likizo. Nilifurahi mpaka alipoongeza kwamba umeomba nisimpige mtoto picha. Mimi, mjomba wake. Sikuuliza sababu. Naijua.

Lile jina la Mkaa nililianzisha mimi. Nilikuwa na miaka tisa, wewe mitano, nyumba nzima ikacheka, nikajiona nina kipaji. Mpaka unaolewa mashangazi walikuwa bado wanakuita hivyo.

Halafu nikaongeza kosa la pili. Picha zako za harusi nilizisafisha mwenyewe, nikakung'arisha uso hadi ukafanana na sisi wengine. Nilidhani nakupa zawadi. Uliishika ile kubwa, ukaitazama weee, ukaniuliza, "Kaka, bibi harusi huyu ni nani?" Nikacheka. Ukairudisha mezani, ukaondoka bila kuichukua.

Sasa wiki iliyopita binti yangu, si unajua anasomea maabara, kanikuta kazini akauliza rangi za nyuso napimia nini. Nikamwonyesha kadi iliyokuja na mashine ya kusafishia picha, iliyokaa ukutani miaka yote: mwanamke wa Kizungu, gauni jeupe, anatabasamu. Uso wake ukitoka vizuri, mashine iko sawa. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha naye hivyohivyo.

Hakunigombeza. Alisema rangi ni mambo ya jua tu, kali au hafifu, huko walikoishi wazee wa zamani sana, ngozi ikajipanga. Ni kitu kidogo mno mwilini. Mimi na mtu mweupe pe wa mbali huko tunaweza kulingana ndani kuliko mimi na jirani yangu. Na waliowapanga watu kwa rangi, huyu juu huyu chini, hawakukuta kitu kwenye damu. Walikuwa wanatafuta sababu ya kuwatumikisha wenzao.

Akaitazama kadi, akanitazama. "Baba, kwa hiyo shangazi ulimpimia huyu?"

Nilizima mashine. Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Negativu zako, zile filamu za harusi, sikuzitupa. Nimezitolea picha upya, uso kama ulivyo. Mdogo wangu, kumbe ulipendeza hivi, na mimi niliyeshika kamera ndiye sikukuona? Nilimwonyesha Mama. Aliipangusa picha kwa kiganja, na vumbi halikuwapo.

Nakala moja iko humu kwenye bahasha. Nyingine nimeibandika pale ilipokuwa kadi. Uso wako ukitoka vizuri, mashine iko sawa. Tangu Jumatatu wateja wote wanapimiwa kwako.

Nisamehe. Kuhusu mtoto, uamuzi ni wako. Ukikataa, nitamkalisha kwenye kile kiti kinachozunguka acheze, kamera ikiwa kabatini.

Msalimie sana shemeji. Mama na binti yangu wanakusalimu. Mungu awalete nyote watatu mkiwa wazima.

Wako akupendaye, ingawa kachelewa kulionyesha pendo,
Kaka yako