Karai Ndani ya Karavani

Shangazi Subira, salamu nyingi kutoka huku Mweiga kwenye baridi, naomba unisaidie na ukiweza usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu jambo lenyewe ni la rangi lakini limeninyima usingizi kama la mahakama.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na moja, na kwa miaka thelathini nilikuwa dereva wa watalii, nikiwapeleka Samburu, Marsabit na kwingine, na kila niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu, hapa nitamwita Murugi, akiwa kwa boma, maana ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni na hawajui likizo, nami nilikuwa naketi kwenye kigoda nikimsimulia niliyoyaona huku yeye akikamua, na nikimaliza aliuliza swali moja tu, eti mlima wetu ukiwa upande ule wa Isiolo unaonekanaje, kwa sababu tangu azaliwe ameuona kutoka upande huu wetu peke yake, nami nilimjibu kwamba mwaka ujao nitampeleka ajionee mwenyewe. Shangazi, hiyo "mwaka ujao" nimeisema zaidi ya mara ishirini.

Nilipostaafu, kambi moja ya watalii ilikuwa inafungwa, nikapata kwao karavani kuukuu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, yenye vitanda viwili, meza ya kukunja na dirisha kubwa mbele, nikaivuta hadi nyumbani nikaiegesha nyuma ya boma. Murugi aliizunguka mara mbili, kisha akaingia ndani, akaketi dirishani, akasema, "Baba Nyawira, hapa ndio nitakuwa nakaa nikiangalia mlima." Nyawira ni kifungua mimba wetu, ameolewa Karatina na kijana anaitwa Kingori, na huyu Kingori ndiye mwenye pikapu ambayo ingeivuta karavani siku ya safari, tulikuwa tumekubaliana mwezi wa nane ukiisha.

Sasa, Kingori alikuwa amepaka bodi ya pikapu yake ile rangi nzito ambayo mafundi huiita bedlaina, unaichanganya mwenyewe, unaipaka kwa rola, ikikauka inakuwa ngumu na ya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, yeye hubebea hapo mikebe ya maziwa na magunia ya waru, yaani viazi, na haichubuki, nikaona hii ndiyo dawa ya karavani yangu, sina haja ya fundi. Nikapaka sakafu, nikapaka chini kwenye chuma ambako mawe ya barabarani hurukia, ikashika vizuri kabisa, hata Murugi akapanda na malapa yake ya boma, akakanyaga huku na huku akasema, "Hapa hata nikiwa na matope siwezi teleza," na mimi nikavimba kichwa.

Shida ni paa. Ilikuwa mwezi wa saba na unaujua mwezi wa saba wa huku, manyunyu kutoka asubuhi hadi jioni, nikapanda ngazi nikiwa na ndoo na rola, nikagusa pembe moja ya paa kwa bisibisi nione kama ni imara, na bisibisi ikazama kama imeingia kwa waru iliyoiva, nikavuta, maji yakatoka. Ubao wa ndani ulikuwa umeoza. Nilijua hapo hapo kwamba kazi si ya kupaka, ni ya kufungua paa lote, na kwamba mwezi wa nane haiwezekani. Nikageuka nishuke nikamwambie. Na wakati huo huo, Shangazi, lori lilikuwa limefika kumchukua Gatune, ng'ombe wetu wa mwisho, kwa sababu Murugi alikuwa ameamua kumpa Nyawira, alisema hawezi kwenda safari na roho yake imebaki kwa boma. Alimpandisha Gatune yeye mwenyewe, akimbembeleza, akamfuta uso kwa leso yake, lori likaondoka, na yeye akasimama pale katikati ya ua akaniangalia nikiwa juu ya ngazi, akanipungia mkono, akasema, "Haya, Baba Nyawira. Mimi nimemaliza yangu. Sasa ni wewe."

Nikachovya rola nikapaka.

Nilipaka juu ya uozo na juu ya maji, nikawasha jiko la makaa ndani ya karavani nikafunga madirisha ili ikauke haraka, na baada ya siku chache ikatoa malengelenge, nikayatoboa nikapaka tena, ikatoa mengine, nikapaka mara ya tatu, na sasa, wiki ya tatu tangu lori liondoke, paa ni zito na jeusi na linapendeza ukiwa mbali, lakini ndani kunanuka. Murugi ameshona mapazia ya maua, ameyatundika, na kila saa nne anaenda kunywa chai huko dirishani, manyunyu au jua, na juzi aliniambia, "Hii nyumba yetu iko na harufu ya mvua," nikamjibu ni harufu ya rangi mpya, na wiki hiyo hiyo nikakuta karai la kufulia juu ya kitanda kile cha pembeni, nikadhani alikuwa anafua mapazia. Asubuhi bado anaamka saa kumi na moja, naona akienda hadi kwenye boma, anashika mlango, anakumbuka, anarudi kuwasha moto. Hapo ndipo roho yangu huuma zaidi.

Nimefikiria kumwomba Kingori aseme pikapu imeharibika injini, ili safari isukumwe mpaka mwakani na mimi nipate wakati wa kurekebisha polepole bila yeye kujua. Je, huo ni uongo mbaya ama ni wa kulinda mtu? Nampenda mke wangu, sitaki amwone Gatune kama ng'ombe aliyetolewa bure. Ukichapisha tafadhali badilisha majina, na karavani uiite tu gari, kwa sababu yeye husoma ukurasa wako kila Jumamosi, hunisomea kwa sauti nikifunga kamba za viatu.

Ni mimi mzee wa Mweiga.

SHANGAZI SUBIRA ANAJIBU

Mzee wangu, sijakucheka. Nimecheka kidogo kwenye malapa, basi. Pale kwenye lori niliweka barua chini nikaenda kuchungulia dirishani kwa muda, kwa hivyo usidhani naandika haya nikiwa na moyo wa jiwe.

Lakini sasa nivumilie. Majina nimebadilisha, ila karavani siwezi kuiita gari, barua yote ingekosa maana. Na hata ningeiita jahazi, Mweiga nzima kuna wazee wangapi wenye karavani nyuma ya boma? Mkeo atakujua kufikia mstari wa tatu. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatano. Gazeti linatoka Jumamosi. Una siku ya leo na ya kesho. Ijumaa asubuhi nipigie: ukiniambia hujasema, naitoa barua yako ukurasani na hakuna atakayejua, ila mimi na wewe tutajua. Sitaki mama wa watu ayapate haya kwangu akiwa ameshika kikombe.

Kwanza lile jiko. Unafunga madirisha, rangi mbichi yenye thina inayoshika moto kila upande, halafu unawasha makaa ndani? Na mkeo anaingia humo saa nne kunywa chai? Ungeweza kumlipua, au hewa ya makaa ingemlaza hapo dirishani asiamke. Nimekasirika na nina haki. Toa jiko hilo leo, fungua madirisha yote, na lisirudi humo tena.

La pili ni rangi. Mimi sijui rangi, lakini ndugu yangu Dawud ana gereji hapa Nyeri mjini na amepaka bodi za pikapu hadi amechoka, nikamsomea sehemu yako bila jina. Alitikisa kichwa. Anasema bedlaina haina kosa lolote, ndiyo maana sakafu yako na vile vyuma vya chini vimeshika: vilikuwa vikavu na vigumu. Rangi hiyo inashika kile ilichokipata. Ikipata chuma kilichopigwa msasa na kupanguswa, inashika chuma. Ikipata ubao wenye maji, inayafungia maji humo ndani, na maji yakikosa pa kutokea yanaendelea kula ubao. Kila mara ulipoongeza rangi ulikuwa unaongeza kifuniko, na paa linazidi kuwa zito juu ya mbao ambazo haziwezi kulibeba. Anasema chukua skrepa, kile chuma bapa cha kukwangulia rangi, bandua yote pale paani, kata ubao uliooza mpaka ufike kwenye ule mzima, funika kwa turubai inayopitisha hewa pembeni, na usubiri jua la mwezi wa tisa. Ukishaweka mbao mpya, ziba maungio kwanza. Rangi ni ya mwisho, nyembamba, mara mbili, kila mara ikiwa imekauka kwa jua wala si kwa makaa. Bwana, kazi uliyokuwa unakimbia ni ya wiki sita. Umeshapoteza tatu kuificha.

Sasa Kingori. Unataka kumwendea mkwe wako, mtu anayekuheshimu mpaka hawezi kukaa kiti ulichokaa wewe, umfundishe kumdanganya mama mkwe wake? Halafu ataketi mezani kwako Krismasi akimwangalia nani usoni? Kijana wa watu mwache na pikapu yake nzima. Wala usiniulize kama ni uongo wa kulinda mtu. Unayemlinda ni yule mzee aliyesema "mwaka ujao" mara ishirini, kwa sababu anaogopa kuisema mara ya ishirini na moja. Mimi namwelewa mzee huyo, hata namhurumia. Lakini hapo juu ya ngazi alikuwa anamficha mkewe jambo ambalo mkewe alikuwa na haki ya kulijua kabla lori halijapinda kona.

Na sasa jambo ambalo limenifanya nikuandikie haraka hivi. Baba, hebu nieleze vizuri: ni mwanamke gani wa Mweiga ambaye hufua mapazia mapya, tena kwenye karai, tena juu ya kitanda, ndani ya karavani isiyo na bomba? Mimi nimefua miaka hamsini na sijawahi kupandisha karai kitandani. Karai hilo liko chini ya pembe ile. Liko hapo kukinga maji. Mkeo anajua paa linavuja. Amejua siku ngapi sijui, lakini amelala na siri yako kitandani, anaamka, anaenda kunywa chai chini ya paa bovu, anamwaga maji ukiwa huoni, analirudisha karai mahali pake. Hata alikufungulia mlango kabisa aliposema kunanuka mvua, ukampa habari ya rangi mpya. Hajakugombeza. Anakungoja tu useme. Ingekuwa mimi ningekuvisha hilo karai kichwani, lakini mkeo ni mtu mwema kuliko mimi.

Kwa hivyo usiende na hotuba. Nenda karavani, chukua karai lenyewe likiwa na maji yake, mpelekee mkononi. Sema paa limeoza, sema ulijua siku Gatune alipoondoka, sema uliogopa. Hapo nyamaza. Akilia mwache alie, akinuna mwache anune, ni haki yake.

Kisha kuhusu mlima. Safari isisukumwe hata wiki moja! Nani alisema mlima huonekana kutoka kwenye karavani tu? Mwombe Kingori pikapu kwa siku moja, chukueni chupa ya chai na blanketi, pitieni Nanyuki, pandeni Timau, mteremke ule mteremko wa kwenda Isiolo na umsimamishe pale anapotaka yeye. Akitaka kukaa hadi jua lizame, akae, maana kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuna ng'ombe wa kumrudisha nyumbani saa kumi. Hiyo ndiyo zawadi ambayo Gatune aliwaachia, wala hakutolewa bure. Karavani itawafuata ikikauka.

Basi. Siku mbili. Simu yangu iko wazi.

IJUMAA, SAA TATU NA NUSU ASUBUHI. Simu imelia, na kama unasoma ukurasa huu leo, msomaji, ujue mzee mwenyewe ameniruhusu, na mama pia.

Anasema jana alilibeba karai hadi jikoni, nusu ya maji ikimmwagikia suruali, akaliweka mezani, na maneno yote aliyopanga yakapotea isipokuwa, "Paa imeoza na nilijua." Mama alichukua karai akatoka nje, akamwagilia sukuma wiki, akakawia huko, mzee akabaki amesimama jikoni na suruali iliyoloa, akiogopa hata kuketi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alilitundika karai kwenye msumari wake ukutani, ambapo halikuwa limetundikwa kwa muda.

"Wiki tatu, Baba Nyawira," akasema. "Wiki tatu nimekuwa nikimwaga hii maji, nikingoja uniambie."

Mzee akasema pole. Akasema tena. Akamweleza pia habari ya Timau, na ya skrepa aliyokwenda kununua asubuhi hiyo. Mama akapangusa mikono kwa leso, akakunja mikono ya sweta yake hadi viwikoni.

"Na hiyo skrepa," akauliza, "ulinunua moja ama mbili?"