Wanne Wanaohesabiwa Watatu

Baba yetu Akberali, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotutoka, na nyumba yetu ya hapa Mississauga, Kanada, bado haijazoea. Mama angali anapika wali wa watu wawili.

Ulikuwa mpole. Miaka yote ya kazi yako uliwapima watu macho na kuwatengenezea miwani, na mzee asiyeona vizuri ulimsindikiza mwenyewe hadi kituo cha basi. Ulipenda chai ya tangawizi iliyochemka mpaka ikawasha koo. Hukuwahi kumpandishia mtu sauti.

Lakini waliokujua vizuri wanayajua pia mambo ya Jumanne, na Mama amekataa tuyaruke. "Andikeni yote," ametuambia. "Mwenyewe angecheka."

Yalianza ulipostaafu. Kila Jumanne ulivaa shati lililopigwa pasi, ukapanda treni ya mjini, ukaaga kwamba unakwenda mtaa wa St. James Town kwa Nicolaus, rafiki yako Mgoa, Mkristo, wa tangu Dar es Salaam. Mama hakuwa na neno na Nicolaus. Aliloliona ni kucha zako. Za mkono wa kushoto ulizikata mpaka nyamani, za kulia ukaziacha. Mchana mmoja ulipojinyoosha kwenye kochi, alikugusa vidole vya kushoto, akakuta ncha zake zimekuwa ngumu kama za seremala. Mtu wa miwani, sugu zimetoka wapi?

Kisha simu yako ikaita uko bafuni. Ujumbe ulisema: "Jumanne tuanze na minueti. Usichelewe. Shaila."

"Minueti ni kitu gani?" Mama alimwuliza binti yako Nida.

Nida, bila kuinua macho, akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni dansi ya kizamani ya Ulaya, ya wawili wawili. Siku hiyo tulikula mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili, na hakuna aliyethubutu kusema.

Jioni yake akakukalisha. "Baba Kamil, huko mjini mnafanya nini?"

Ulizitazama kucha zako. Kwetu, kwa ajili ya dini, ala za muziki hazikuwahi kuingia ndani. Ulipokuwa kijana, baba yake Nicolaus alianza kukufundisha, na Babu alipopata habari akakuamuru uache. Uliacha, hukulizungumza tena.

"Tunapiga muziki," ulisema hatimaye. "Muziki wa Baroki, wa miaka mia tatu iliyopita. Zile dansi hakuna anayezicheza siku hizi, tunazipiga tumekaa. Na sonata, vipande vya ala bila waimbaji. Tuko watatu tu."

"Watatu?"

"Ndivyo inavyoitwa. Sonata ya watatu."

Shaila hukumtaja. Mama akaliweka hilo moyoni.

Jumanne iliyofuata alipanda treni yako, behewa la nyuma, akakufuata hadi ulipoingia kwenye mlango wa kanisa. Hapo akachanganyikiwa, maana sasa hakujua aogope mwanamke au aogope ubatizo. Aliteremka ngazi mpaka chumba cha chini, akachungulia. Nicolaus na binti yake walishika fidla. Wewe ulikaa na selo, ile fidla kubwa ya kubanwa kwa magoti, vidole vya kushoto vikikandamiza nyuzi zake nene. Na kando yako, bega kwa bega, mwanamke wa makamo alikuwa kwenye harpsikodi, kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Mama akahesabu. Wanne.

"Ulisema watatu," alisema pale mlangoni. Muziki ukakatika.

Ulisimama na upinde mkononi. "Ni watatu, Nazira. Fidla ya kwanza, fidla ya pili, halafu besi, sauti ya chini kabisa. Besi tunaipiga mimi na Shaila pamoja. Kwa hiyo mimi na yeye tunahesabiwa mtu mmoja."

Baba, katika maneno yote uliyokuwa nayo, ukachagua hayo.

Tangu hapo Mama alikuja kila Jumanne. Alibeba chupa ya chai ili isionekane amekuja kulinda. Watu wa kituo chetu cha ibada walipouliza mbona mumewe anaonekana kanisani, aliwajibu, "Anashuka ngazi za chini tu, madhabahuni hajafika. Mimi mwenyewe niko naye." Ulimweleza kwamba mtunzi huandika besi moja na tarakimu chache, mpiga kinanda akajaza mwenyewe sauti zinazokosekana, na selo ikashikilia chini. Mama alichosikia ni kwamba Shaila anabuni apendavyo, nawe unamfuata.

Siku moja wakati wa chai alimwuliza Nicolaus, "Mambo haya ya besi ya watu wawili yaliendelea mpaka lini?"

"Mpaka watu walipoyachoka," Nicolaus alisema. "Waliokuja baadaye, wa enzi ya Klasiki, walipenda kwarteti, muziki wa ala nne. Fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na selo. Kila mmoja anajisimamia, wanazungumza kama watu sebuleni."

"Na kinanda?"

"Hakihitajiki."

"Basi pigeni hiyo."

Nicolaus, asiyejua kinachoendelea, aliona ni wazo zuri, akamleta jirani yake mwenye viola. Shaila alifunika kinanda bila kulalamika, akaja kukaa karibu na Mama. Ikabidi Mama ammiminie chai.

Kwarteti ikaanza, na Mama alijiona ameshinda. Ila alikuwa anakutazama. Besi yako ilibaki peke yake, ikayumba. Fidla zilikurushia wimbo, ukachelewa kuupokea. Mkarudia, ukakosea palepale, ukaomba radhi kama mgeni. Na kila ulipopotea uligeuza uso upande ule uliokuwa mtupu.

"Unaona?" Mama alimwambia Shaila kwa sauti ya chini. "Anakutafuta."

"Hanitafuti mimi, Bi Nazira. Anautafuta mkono wangu wa kushoto, ndio unaopiga anachopiga yeye. Mimi mwenyewe hajawahi kunitazama. Mwulize macho yangu yana rangi gani."

Mama hakungoja mfike nyumbani. Ndani ya treni akakuuliza, "Shaila ana macho ya rangi gani?"

Ulifikiri. Mama anasema ulifikiri kweli, paji limekunjamana, vituo viwili vikapita. Kisha ukauliza, "Kwani anavaa miwani?"

Shaila anavaa miwani ya fremu nyekundu kama pilipili. Mama aligeukia dirishani usimwone anavyocheka. Alipotulia alisema, "Wiki ijayo mrudi kwenye ile ya wanne wanaohesabiwa watatu. Hii nyingine inakuonea."

"Umeniamini sasa?"

"Sijakuamini."

"Usiniamini," ulisema. "Wewe njoo tu."

Akaja, Baba. Alikuja Jumanne zote zilizobaki, na hakuacha kukuchunga. Ulipolazwa na Shaila akafika kukujulia hali, sisi tulitoka kumpisha mgeni. Mama hakutoka. Alivuta kiti cha pili, akamwambia, "Kaa hapa, nawaona wote wawili." Nawe, uliyekuwa huna nguvu hata ya kuinua kichwa, ulitabasamu.

Mungu akurehemu na akupe makao mema. Tunaokukumbuka ni mkeo Nazira. Shaila, ambaye Mama ameagiza jina lake liandikwe hapa, jirani na la kwake. Watoto wako Kamil na Nida. Wajukuu zako Zaki na Zahraa. Na rafiki yako Nicolaus.

Tutakukumbuka daima, Baba. Mama anaongeza kwamba bado hajakuamini.