Jina la Novati Halijafutwa

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika, migomba inadondosha maji.

Hamjambo ninyi mnaosoma hapa? Mimi sijambo kidogo. Mume wangu, Baba Novati, hajambo, mguu umepungua kuvimba, leo ameweza kwenda mpaka kwenye shamba la kahawa na kurudi mwenyewe. Mama mkwe wangu hajambo, anakunywa uji na kulalamika hauna sukari. Akilalamika najua yuko vizuri. Binti yangu Koku hajambo, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu na ndiye anayenirekebishia herufi. Mjukuu wangu Asimwe hajambo, meno mawili ya mbele yameng'oka, anacheka hivyohivyo. Ng'ombe naye hajambo. Na Novati, mwanangu wa kwanza, hajambo.

Hapo kwa Novati ndipo penye ugomvi.

Mimi huomba kama ninavyosalimu. Sijui kuomba kwingine. Kwetu Wahaya huingii kwa mkubwa ukaanza na shida yako. Unapiga magoti, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani, unawataja mmoja mmoja, ndipo unasema kilichokuleta. Sasa Mungu ndiye nimwendee mbiombio kama nakwenda kuazima jembe? Kwa hiyo kila asubuhi, na kila ibada ya jumuiya, nawataja wote kwa zamu, nimalizie na Novati.

Miezi mitano sasa. Alikwenda visiwani, upande wa Muleba, kununua dagaa. Boti ya abiria ikazama. Wapo waliookolewa, wapo waliopatikana wakazikwa. Novati hakuwemo kwa hawa wala kwa wale. Mmoja anasema alimwona akipanda ile boti. Mwingine anasema hapana, alimwacha palepale mwaloni, boti zinapotia nanga, anageuza dagaa kwenye chanja, tena alikuwa anasema atahamia kisiwa cha mbele kwenye bei nzuri. Simu yake haipatikani.

Haipatikani maana yake haipatikani. Si kitu kingine.

Jana jumuiya ilikuwa hapa kwetu Kibeta. Ta Rwegasira naye alikuja, kaka mkubwa wa mume wangu, kutoka Buganguzi. Nilivyomwona tu na koti lake nikajua huyu hakufuata neno la Mungu. Ukoo unataka Jumamosi tukae matanga, kilio kifungwe.

Zamu ya kuomba ikanifikia. Nikaamkia, nikataja watu wangu, nikafika mwisho: "Na Novati, Bwana, huko aliko leo, mpe chakula, umkumbushe kwao." Nilipomaliza, jirani yangu Ma Adela akasema, "Waitu Mama Novati, chai imepoa! Unamsomea Mungu daftari la mahudhurio?" Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Adela ni mdomo tu, moyo wake ni mzuri.

Mwinjilisti aliyeongoza ibada hakucheka. Ni kijana mpole. Akanisogelea, akasema taratibu, "Mama, uchungu wako nauona. Lakini sisi Walutheri hatuwaombei marehemu."

"Marehemu nani, mwinjilisti?"

Akatazama mkeka. Ta Rwegasira ndiye aliyejibu: "Shemeji, usitutie aibu. Jumamosi tukae, tulie, yaishe. Wewe ndiye unamzuia mtoto asipumzike."

"Ulimzika wewe, Ta Rwegasira? Nionyeshe ulipomlaza, nitakaa matanga leoleo."

Nikaficha mikono ndani ya kanga. Sijawahi kumjibu shemeji yangu hivyo tangu niolewe. Nikamtazama mume wangu anisaidie, naye alikuwa anautazama mguu wake.

Basi nikashika lile neno la Adela. Nikawaambia, ndiyo, ni daftari la mahudhurio. Mimi shule niliishia darasa la nne. Baba alinitoa nikachume kahawa na kulea wadogo zangu. Lakini mwalimu wetu hakunifuta. Kila asubuhi, muhula mzima, alifika kwenye jina langu akaliita. Wenzangu walikuwa wanapita kwenye kahawa wananicheka: "Leo umeitwa tena!" Wakamwambia mwalimu, huyo haji. Mwalimu akasema, jina silifuti kwa maneno ya watoto, nitalifuta mzazi wake akija kuniambia.

Shuleni sikurudi. Lakini nikiwa nachuma nilikuwa najua, saa hii naitwa.

Ta Rwegasira akainuka, akachukua kofia yake. "Jumamosi tutakuja."

"Karibuni sana. Nitapika ndizi. Matanga hapa hakuna."

Sasa niseme ukweli, maana huku ndiko ninakosemea.

Naogopa.

Siku nyingine nikilitaja jina lake nasikia kama nadanganya mbele za Mungu. Dagaa siwezi kuwala tena, nikiwaona sokoni nageuka njia. Usingizi ni wa kudokoa. Na Mungu mwenyewe nina hasira naye, nimemwambia, hakunipiga na radi. Nimemwambia, kama Novati yuko kwako, Wewe ndiye baba yake wa kwanza, Wewe ndiye uje uniambie. Usimtume Ta Rwegasira. Mpaka hapo mimi nitaita. Wanaosema kuomba ni kukubali, wakubali wao. Mimi kwangu kuomba ni kukataa kunyamaza.

Leo asubuhi mvua ikinyesha tulikaa kwenye uji. Siku hizi mezani Baba Novati ndiye anayeomba, na tangu ile boti hajamtaja mwanawe hata mara moja. Akataja mama yake, akanitaja mimi, Koku, Asimwe. Akanyamaza. Nikangoja amina. Haikuja. Macho kayafumba, mkono umeshika kikombe, anangoja tu.

Nikasema, "Na Novati."

Ndipo akasema amina.

Jumamosi waje. Mume wangu hajasema kitu, ila leo nimemwona amelichukua panga, anakata mkungu wa ndizi za wageni.

Novati mwanangu, Koku anasema huku mtu yeyote mwenye simu anaweza kusoma, hata aliye kisiwani. Ukisoma, tuma neno upesi, kabla ya Jumamosi. Na wewe uliye naye kambini kwa wavuvi, kijana mrefu, kovu kwenye kidevu, mwambie mama yake anamwita. Kama hana salio asihangaike.

Abipu tu. Nitapiga mimi.