Barua Tatu za Kuhama

Mpendwa mshauri, kabla hujafika mstari wa pili nakusihi haya yabaki kati yangu na wewe, na kama ni lazima uyachape basi ondoa mtaa na uondoe jina la ofisi, kwa sababu bosi wangu husoma gazeti lenu kila siku na fundi cherehani wa chini huligeuza kipimo cha kukatia nguo.

Mimi ni karani kwa wakili, nina miaka ishirini na minne, nimepanga chumba cha juu kabisa katika nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao na madirisha yasiyofungika, katika mtaa ambao kila mwezi nyumba moja huzungushiwa mabati na kuibuka na vioo, na sina ndugu jijini, wanaonijua ni wawili tu, huyo fundi na nesi mstaafu wa ghorofa ya kati ambaye hunigongea mlango kila asubuhi nisichelewe kazini. Sasa mwenye nyumba ameiuza, mnunuzi ni mteja wetu, nikachapa mimi mwenyewe notisi tatu za kuhama, siku sitini tangu kupokelewa, na wakili akasema, "Wewe si unakaa hukohuko? Wapelekee, utuokolee safari." Kwetu barua haihesabiwi imefika mpaka mpokeaji asaini kitabu cha kupokelea barua, lakini nilipofika mlangoni nikamsikia nesi akicheka na fundi, nikashindwa, nikapanda juu nikasaini nafasi zote tatu mwenyewe, kwa miandiko tofauti, nikijiambia nitazipeleka kesho, na leo ni siku ya ishirini na mbili.

Jumapili nesi aliniita nimshikie ngazi apake chumba chake rangi. "Shika vizuri, mwanangu," akasema, "nikivunjika nyonga ni wewe utakayenibeba kwenda chooni." Nilishika, nikatazama ukuta unavyokuwa mweupe. Fundi naye amepokea vitambaa vya sare za shule nzima, na nikipita ananiambia, "Karani, siku hizi unapita kama umeiba kuku." Nikisema watanichukia na kazi itakwenda, nisiposema sijui. Nifanye nini?

Karani wa Juu

JIBU

Karani, nimeondoa ulivyotaka viondoke. Umebaki wewe, na wewe sikuondoi.

Pole. Chumba kisicho na mtu wa kukuuliza umeshindaje ni kizito, najua. Lakini tusidanganyane: hukuzificha barua ili kuwalinda wao, ulizificha ili uendelee kusalimiwa. Siku ishirini na mbili umezila wewe, na zilikuwa zao. Mama wa watu anapaka rangi ukuta atakaouacha, nawe umemshikia ngazi. Na kuwasainia watu wazima si woga tena. Jina la kosa hilo unalijua kuliko mimi, maana unafanya kazi kwa wakili.

Tena, notisi ni tatu. Fundi, nesi, na ya tatu ya nani? Ni yako, mwanangu. Hujaandika hata neno moja utahamia wapi. Umewaza watakavyokuchukia mpaka ukasahau kwamba nawe unatolewa pamoja nao.

Leo ukitoka kazini beba kitabu, na usipande juu. Anza kwa nesi. Mpe barua yake mkononi, usiichomeke chini ya mlango, umwambie, "Hii ninayo tangu siku nyingi, nikasaini badala yako." Habari za woga wako ziache mpaka aulize. Akikufokea, kaa. Akikufungia mlango, kaa kwenye ngazi hadi fundi aje kuuliza kuna nini, umpe yake. Wasaini kwa tarehe ya leo, chini ya uongo wako, usifute kitu. Kesho mpelekee wakili kitabu kabla hajaketi, umwambie siku sitini zimeanza jana. Anaweza kukufukuza, siwezi kukuahidi vingine. Ila wao watakuwa na siku zao kamili, na nyumba hiyo itakuwa na watu watatu wanaotafuta vyumba, si mmoja aliyejifungia. Huenda wasitake ufuatane nao. Waombe hata hivyo.

Ukishamaliza, njoo. Nipo Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita, mlango wa nyuma wa gazeti, pale wanapopima karatasi chakavu. Mwambie mlinzi una barua ya Shangazi, ndivyo wanavyoniita hapa, hatakuuliza jina. Gonga mara moja tu, nasikia vizuri.